SOMO LA REDIO: KULALA HEMANI WAKATI WA KIPUPWE, TOKA IRINGA MPAKA MBEYA

Ninyi mlio Iringa, ninyi mlio Mbeya, na ninyi nyote mlioketi mbele ya redio mahali pengine, karibuni darasani. Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno manne: kipupwe, sakitu, hema, hifadhi. Wengine fungueni madaftari, mwandike pamoja naye.

Kipupwe ni majira ya baridi, tangu Juni mpaka Agosti. Sakitu ni umande ulioganda kwa baridi, ukalala juu ya majani mweupe kama chumvi. Hema ni nyumba ya turubai, huifunga asubuhi ukaipakia garini. Hifadhi ni nchi iliyotengwa kwa sheria, ili wanyama na mimea yake wasiharibiwe.

Leo twasafiri. Tutapanda gari Iringa, tutaona hifadhi mbili, Ruaha na Kitulo, na safari itaishia Mbeya. Kila usiku tutalala hemani. Labda wewe wauliza, "Mwalimu, kwa nini nitoke wakati wa baridi, na nyumbani nina kitanda?" Swali lako ni zuri. Sikiliza jibu.

Kipupwe ni wakati wa kiangazi katika Nyanda za Juu Kusini. Mvua haipo, njia ya udongo ni ngumu, gari halizami matopeni. Majani ya porini yamekauka, kwa hiyo jicho lafika mbali. Madimbwi yamekwisha, na wanyama hukusanyika penye maji yaliyobaki. Hata katika nchi ya Australia, ambayo nayo iko kusini ya Ikweta, watu wengi huchukua mahema yao miezi hiyo hiyo na kwenda jangwani kwa gari. Huko mchana ni mzuri, lakini usiku baridi huweza kushuka chini ya sifuri. Sisi na wao twasafiri kwa sababu moja, na adui yetu ni mmoja: baridi ya usiku.

Baridi hii yatoka wapi? Ziko sababu tatu. Ya kwanza, mwezi wa Juni jua limehamia kaskazini, na sisi tulio kusini twapata joto kidogo. Ya pili ni kimo cha nchi. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Uwanda wa Kitulo una kimo cha mita 2,600 hivi. Fanya hesabu: ikiwa Pwani ni digrii 26, Kitulo ni kama digrii 10 tu. Ya tatu ni anga tupu. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Usiku usio na mawingu, joto la ardhi huruka juu likapotea, kama chungu kilichoachwa bila kifuniko. Ndiyo maana baridi huwa kali zaidi alfajiri, kabla ya jua kutoka.

Sasa twende. Toka Iringa twashika njia ya magharibi. Baada ya mwendo mfupi twafika Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Wajerumani waliibomoa mwaka 1894. Mkwawa alifariki mwaka 1898, na fuvu la kichwa chake lilichukuliwa Ulaya. Lilirudishwa mwaka 1954, na limewekwa katika nyumba ya makumbusho papo hapo Kalenga. Shuka garini, uingie, usome maandishi kwa macho yako mwenyewe. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Toka Iringa mpaka Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ni kilomita 130 hivi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, ikaongezwa sana mwaka 2008. Hapa tumeteremka bondeni, na joto limerudi. Kwa hiyo mizigo yako iwe na chandarua cha mbu pamoja na mablanketi. Wako pia mbung'o. Mdudu huyu hupenda nguo nyeusi na za buluu, basi vaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu.

Kabla ya kupiga hema, uliza askari wa hifadhi mahali panaporuhusiwa. Kila neno lake ni amri. Uwe kambini kabla ya jua kuzama. Usipige hema juu ya njia ya viboko, maana kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, naye hapishi mtu. Usiende mtoni gizani kuteka maji. Teka mchana, mahali ulipoonyeshwa, ukijua kwamba mamba yumo. Chakula na matunda usilale navyo hemani. Harufu yake huwaita nyani, fisi na tembo. Vifungie garini. Ukiamka usiku ukasikia tembo akivunja matawi karibu nawe, tulia ndani. Usimulike, usipige kelele, usitoke kutazama.

Mchana utamwona tembo akifanya kazi ya ajabu. Katika mito ya mchanga iliyokauka, huchimba shimo kwa mguu na mkonga mpaka apate maji. Akimaliza kunywa, wanyama wengine huja kunywa katika shimo lake.

Lakini tutazame pia Mto Ruaha Mkuu wenyewe. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993, ndani ya hifadhi, maji yake yamekuwa yakikatika wakati wa kiangazi. Sababu kubwa ni maji yanayochotwa kwa mifereji huko juu, katika bonde la Usangu, kumwagilia mashamba. Mpunga wa Usangu ni chakula chetu, wala hatuwezi kumlaumu mkulima kwa kulima. Lakini maji yale yale hunywesha wanyama wa Ruaha, kisha huingia bwawa la Mtera, yakatoa umeme wa taa zetu. Mfereji ukiachwa wazi usiku kucha bila mtu, yuko atakayekosa huko chini. Ikiwa wewe ni mkulima wa Usangu, jambo hili li mkononi mwako.

Turudi Iringa, tushike barabara kuu ya Mbeya. Mwendo wa kilomita 20 hivi twafika Isimila. Hapo maji ya mvua yamechonga nguzo ndefu za udongo na mawe, na watu wa kale waliacha zana zao za mawe, ambazo wataalamu huzikadiria kuwa na zaidi ya miaka 200,000. Tazama, lakini usiokote hata moja.

Kisha twapita Mafinga na Makambako. Barabara hii hubeba malori mengi ya Zambia na Kongo. Asubuhi za kipupwe ukungu huifunika. Dereva na awashe taa, apunguze mwendo, na asipite lori kilimani asikoona mbele. Mteremkoni ashuke kwa gia ndogo, ile ambayo angepandia. Akitegemea breki peke yake, breki hupata moto, kisha hukataa kushika.

Chimala twaacha lami, twapanda mlima kwenda Matamba. Kona ni zaidi ya hamsini. Kila kona hewa yazidi kuwa baridi. Juu kabisa twafika Kitulo, ambako wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kulinda maua, hasa maua ya okidi. Ukifika Julai, huenda ukasema, "Mwalimu ametudanganya, maua yako wapi?" Yako chini ya mguu wako. Okidi nyingi hulala udongoni kama viazi vidogo wakati wa kiangazi, kisha mvua za Novemba huziamsha. Viazi hivyo vilichimbwa kwa wingi vikauzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba kiazi huua ua la mwakani na la miaka yote ijayo. Basi tembea polepole, usichimbe, na moto wako usiuache bila mtu.

Sasa, ndugu zangu, weka kalamu chini unisikilize. Hili ndilo jambo kubwa la somo la leo.

Usiku wa Kitulo ni mkali. Asubuhi utaona sakitu juu ya hema. Meno yakigongana, wazo la kwanza litakalokujia ni kuingiza jiko la mkaa hemani. Utasema, "Moshi umekwisha, mkaa ni mwekundu, hauna hatari." Hapo ndipo penye kosa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina moshi, haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, huingia katika damu ikakaa mahali pa oksijeni, na damu ikakosa nafasi ya kubeba hewa ya uzima. Kwanza kichwa chauma, kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Aliyelala haamki kuomba msaada. Na hatari hii haiko hemani tu. Chumba cha nyumbani kilichofungwa madirisha ni hema lile lile.

Ukimkuta mtu amelegea namna hiyo, fungua mlango, mtoe nje upesi penye hewa safi, jiko litolewe, naye apelekwe hospitali hata kama ameamka na kusema hajambo.

Je, tutajipashaje joto? Fanya hivi. Kwanza, tandika chini: nyasi kavu, mkeka, na blanketi moja. Ardhi hunyonya joto la mwili, kwa hiyo blanketi la chini lina kazi sawa na la juu. Pili, vua nguo zenye jasho, vaa soksi na fulana kavu, na kofia kichwani. Tatu, kula chakula cha moto kabla ya kulala. Nne, chemsha maji nje, yatie katika chupa imara, uizungushie kitambaa, ulale nayo miguuni. Tano, acha upenyo mdogo wa hewa, maana pumzi zenu hulowesha hema, na blanketi bichi halina joto.

Asubuhi jua litatoka, sakitu itayeyuka, na chai itakuwa tamu kuliko chai yoyote uliyopata kunywa. Funga hema, okota takataka zote, mwagia majivu maji. Twateremka kupitia Isyonje mpaka Uyole, na mbele yetu ni mji wa Mbeya chini ya milima yake. Safari imekwisha.

MASWALI

1. Taja sababu tatu za baridi ya Kitulo.
2. Kwa nini chakula kisiwekwe hemani huko Ruaha?
3. Maji ya Mto Ruaha Mkuu hukatika kwa sababu gani?
4. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi kwa ndugu yako anayelala na jiko chumbani wakati wa kipupwe. Mweleze hatari yake kwa maneno yako mwenyewe, na umfundishe njia mbili za kujipasha joto. Ukimaliza usiiache daftarini. Mpelekee.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.