Msuli ukihamishwa, kiwiko kitapata nguvu kiasi gani?

Juzi kijiweni mshikaji wangu mmoja, dereva wa bodaboda, aliniuliza swali nikabaki natoa macho. Ajali ilimharibu mishipa ya fahamu ya begani, mkono unaning'inia tu. Kaambiwa msuli wa mgongoni unaweza kuhamishwa uje ukunje kiwiko. Yeye anataka kujua kitu kimoja: nitabeba ndoo? Basi nikaingia kusoma.

Madaktari hupima msuli kwa alama 0 hadi 5, mfumo ulioanzia Uingereza miaka ya 1940. 0 ni kimya kabisa, 3 unainua mkono wenyewe tu bila mzigo, 5 ni mzima. Kawaida msuli ukihamishwa hupoteza kama alama moja. Kwa hiyo wa 5 utegemee 4. Wa 4 utegemee 3, yaani mkono unafika mdomoni, ila ndoo sahau. Na huo wa mgongoni lazima upimwe kwanza, maana ajali ile ile inaweza kuwa imeugusa nao.

Sasa, nguvu ya msuli siyo nguvu ya kiwiko. Tuliopita fizikia (hata kwa kuibia) tunakumbuka nyenzo. Msuli unaokunja mkono umeshika mfupa kama sentimita 5 kutoka kiwikoni, kiganja kiko sentimita 35 hivi. Ukishika kilo 1, msuli unavuta kama kilo 7, na uzito wa mkono wenyewe bado! Ukishonewa karibu mno na kiwiko, hata msuli mnene utaonekana goigoi.

Halafu kuna kukaza. Ukishonwa umelegea, unajikunja bure bila kuvuta kitu. Ukikazwa kupita kiasi nguvu inapungua pia, tena kiwiko hakinyooki. Ndiyo maana watu wawili wenye alama sawa wanaweza kutoka tofauti kabisa. Na kiwiko kilichokakamaa hakikunjwi na msuli wowote, kwa hiyo akikunje kila siku kwa mkono mzima.

Kilichonishtua ni muda. Kuhamisha msuli kunawezekana hata miaka ikipita, lakini kuunga mishipa ya fahamu kunataka mapema, ndani ya miezi 6 hivi. Mwaka ukishapita, msuli wenyewe unakuwa umenyauka. Jamaa ana miezi minne. Nimemwambia ndoo iache kwanza, kesho nenda kaulize kama mishipa bado inaungika.

Mliopitia haya, tiririkeni hapo chini.