VIJANA WENYE KUFUFUA MAGARI YA MOSHI YA ZAMANI



Mashini ikizeeka, kwetu tunafanya nini nayo? Tunatoa vipande vyenye vinaweza kutumika pengine, mabaki tunauza kwa kilo kama mitraye. Kisha miaka michache hakuna mtu anajua kama ilikuwako. Katika ukurasa huu napenda kueleza namna vijana wa inchi ingine walivyofanya tofauti. Waliona njia ya gari la moshi inakufa, wakaishika, na mpaka leo inatembea. Nawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana habari hii inatuhusu sisi tuliomo shuleni sawa na wakubwa, labda kuwapita.

NJIA YENYEWE

Njia hii iko Uingereza, katika jimbo la Sussex, kusini ya mji wa London. Ilifunguliwa mwaka 1882 kati ya Lewes na East Grinstead. Watu wanaiita Bluebell. Ni jina la ua dogo la buluu lenye kuota kwa wingi katika misitu ya kule wakati baridi inapokwisha.

Kisha vita ya pili ya dunia, motokari na mabasi yaliongezeka, wasafiri wa gari la moshi wakapunguka. Magari ya moshi yalikuwa mali ya Serikali, na Serikali iliona hasara tu. Njia ikafungwa mwezi wa tano 1955. Lakini mama mmoja wa kule, jina lake Bessemer, alitafuta sheria ya zamani iliyoruhusu njia ile kujengwa, akaisoma mstari kwa mstari. Akakuta imeandikwa kwamba magari manne yanapaswa kupita kila siku. Basi Serikali ilikuwa imevunja sheria yake yenyewe! Mwezi wa nane 1956 magari yalirudi. Kisha Baraza la sheria likabadili maneno yale, na njia ikafungwa mara ya pili mwezi wa tatu 1958.

Wandugu, tuangalie vizuri. Ile miezi yote gari la moshi lilitembea kwa nguvu ya mtu mmoja mwenye kujua kusoma na mwenye kuvumilia. Hapakuwa nyundo hata moja.

VIJANA WANAINGIA

Ndipo vijana waliamka. Mmoja wao alikuwa na miaka 18, umri wangu mimi mwenye kuandika. Wengine walikuwa na 19. Mmoja alikuwa akijifunza kazi ya simu, mwingine alisoma mambo ya uchumi huko London. Hawakuwa na feza, hawakuwa na mashini, hawakuwa na reli hata meta moja. Walichokuwa nacho ni karatasi na kalamu. Waliandika barua kwa wakubwa wa magari ya moshi, wakaita watu kwa mkutano. Mkutano ulifanyika tarehe 15 mwezi wa tatu 1959 katika mji wa Haywards Heath, na siku ile shirika likazaliwa.

Kitu kimoja kinanifurahisha. Kiti cha mkutano vijana hawakukishika wao wenyewe. Kilipewa Bwana Bernard Holden, mtu mzima, mfanyakazi wa magari ya moshi. Yeye alizaliwa ndani ya kituo cha Barcombe, juu ya njia ile ile, kwa sababu baba yake alikuwa mkubwa wa kituo. Vijana walileta moto, mzee akaleta ujuzi wa kazi. Kama mmoja angekosekana, sijui kama tungekuwa na habari ya kueleza leo.

Shauri lao la kwanza lilikuwa kuchukua njia nzima. Haikuwezekana, bei ilipita uwezo wao. Hawakukasirika na kurudi nyumbani. Waliomba kukodi kipande kidogo tu, tangu Sheffield Park mpaka karibu na Horsted Keynes, kama kilometa 8. Tarehe 7 mwezi wa nane 1960 gari lao la kwanza likabeba wasafiri, na wafanyakazi wake walikuwa watu wa kujitolea.

Mashini yao ya kwanza inaitwa Stepney. Ni mashini ndogo ya tani 28 hivi, iliyotengenezwa huko Brighton mwaka 1875. Ilipofika mikononi mwa vijana ilikuwa na miaka 85. Mwaka 1963 pasta mmoja wa kanisa la Anglikana, W. Awdry, mwenye kuandika vitabu vya watoto juu ya magari ya moshi, aliandika kitabu kizima juu ya Stepney. Hivi mashini iliyobakia kidogo kukatwa ikajulikana na watoto wa inchi nyingi.

NAMNA GANI MASHINI YA MVUKE INAFUFULIWA

Wengi wanafikiri kufufua mashini ni kupaka rangi. Hapana. Rangi ni kazi ya mwisho. Kazi kubwa iko ndani, katika pipa la mvuke, mahali maji yanapochemka.

Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke katika hewa wazi, inajaza karibu lita 1,600. Ndani ya pipa mvuke unafungwa, hauna mahali pa kwenda, unasukuma chuma kila upande. Katika mashini kama Stepney unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 10 juu ya kila santimetri kare moja. Chuma chenye kuliwa na kutu kikipasuka, maji yote yaliyobaki yanageuka mvuke kwa mara moja, na watu wanakufa. Kwa hiyo mafundi wanafuata utaratibu huu:

1. Wanashusha pipa toka kwa magurudumu, wanatoa tiyo zote zenye kupitisha moto katikati ya maji. Tiyo zikitoka, mtu anaweza kuchungulia ndani na taa.

2. Wanapima unene wa chuma mahali pengi. Mahali palipokuwa pembamba wanakata na kutia chuma kipya.

3. Wanarudisha tiyo mpya, wanajaza pipa maji baridi mpaka juu, wanasukuma maji kwa pompi kupita nguvu ya kazi ya kila siku. Juu ya nini maji baridi na si mvuke? Kwa sababu maji hayabanwi kama mvuke. Pipa likipasuka maji yanamwagika tu, nguvu inashuka palepale, hakuna mtu anaumia.

4. Baada ya ile ndipo wanawasha moto, na mkaguzi, ambaye si mmoja wao, anaangalia mvuke na vifuniko vya usalama. Akikataa, mashini haitembei, hata kama imepakwa rangi ya kupendeza namna gani.

Katika dari ya chumba cha moto kuna pia kizibo chenye risasi ndani. Dari ile inapaswa kufunikwa na maji siku zote. Maji yakipunguka mpaka dari ikabaki wazi, risasi inayeyuka kwa joto la digri 327, mvuke unatoka kwa sauti juu ya moto, na fundi anajua yuko hatarini. Kazi hii yote ya pipa, kule Uingereza, inarudiliwa kila miaka 10 hivi. Kwa hiyo mashini ya zamani haifufuliwi mara moja tu. Kila kizazi cha vijana kinaifufua tena.

WANAFUNZI WA LEEDS

Katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza, kuna njia ingine, Middleton, iliyokuwa ya kubeba makaa ya mawe. Sheria yake iliandikwa mwaka 1758, na tangu mwaka 1812 mashini za mvuke zilivuta makaa pale. Mwishoni mwa 1959 wanafunzi wa Universite ya Leeds, pamoja na mwalimu wao, walifanya shirika la kuiokoa. Mwezi wa sita 1960 walitembeza gari na wasafiri, majuma machache mbele ya wale wa Bluebell.

Lakini nieleze na upande wa huzuni. Wanafunzi hao walichukua pia gari la umeme kutoka njia ya Swansea, iliyofungwa mwanzoni mwa 1960. Njia ile ilikuwa ya kwanza katika dunia kubeba wasafiri wenye kulipa, mwaka 1807. Gari likaletwa Leeds, likawekwa. Watu wabaya wakalivunja-vunja, mwishowe likaungua moto. Likaisha. Kumbe kuokoa kitu siyo kukileta tu. Kitu kinahitaji paa, mlango wenye kufuli, na mtu mwenye zamu ya kulinda. Upendo bila paa unanyeshewa mvua.

KAZI YA MIAKA 53

Ile njia ya kwenda East Grinstead haikusahauliwa. Shida ni kwamba, karibu na mji ule, mtaro mrefu uliochimbwa zamani kwa kupitisha reli ulikuwa umejazwa takataka za mji. Walizichimba na kuziondoa kwa makamio na kwa magari ya moshi, kazi ya miaka. Mwezi wa tatu 2013 gari la Bluebell likaingia East Grinstead, na njia ikawa kilometa 18 hivi. Hesabuni wenyewe: tangu 1960 mpaka 2013 ni miaka 53. Kijana wa 18 alikuwa amepita miaka 70.

Na wale wanaoingia leo hawaanzi kwa kuendesha. Kijana anaanza kwa kufagia, kupangusa mafuta, kutoa majivu. Akishika kazi, anajaribiwa, anakuwa mtia makaa. Kisha miaka anajaribiwa tena, ndipo anaweza kuwa dereva. Mtoto wa mkubwa anapita njia ile ile.

NA SISI?

Hatuna Stepney hapa. Lakini tuna mashini ya kupiga karatasi hii mnayosoma, tuna cherehani, tuna baiskeli za wazazi wetu zenye kubeba mihogo tangu hatujazaliwa. Nashauri mambo matatu. Kwanza, mashini ikifunguliwa, kila buloni iwekwe ndani ya kopo na kuandikwa ilitoka wapi. Pili, iwepo daftari moja ya kuandika siku ya mafuta, siku ya kuvunjika, na jina la aliyetengeneza. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tatu, tuwafuate mafundi wazee tungali nao. Mzee mwenye kusikia ugonjwa wa motere kwa sikio tu hatakuwa nasi siku zote, na ujuzi wake hauuzwi kwa kilo.

Mwezi wa sita nitatoka shule hii. Nyinyi wa mwaka wa tatu na wa ine mtabaki na vyombo hivi. Mwenye kupenda kuanza daftari aje anione siku ya posho kisha masomo, nyuma ya jiko. Aje na kitambaa cha kupangusia.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6