Nchi Jirani: Nani Hulipia Utafiti, na Nani Huupima?



Mwezi Julai mwaka 1990, mjini Nairobi, Rais wa Kenya wa wakati huo, Daniel arap Moi, alizindua rasmi dawa iliyotangazwa kuwa tiba ya UKIMWI. Dawa hiyo iliitwa Kemron, na ilitokana na kazi ya wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI. Ilikuwa ni kiasi kidogo sana cha kitu kiitwacho interferoni, ambacho mgonjwa alikiweka mdomoni kiyeyuke polepole. Wakati huo UKIMWI haukuwa na tiba iliyoweza kufikiwa na mwananchi wa kawaida wa Afrika. Haishangazi basi kwamba habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na kwamba wagonjwa walifunga safari kutoka hata nje ya bara letu kwenda Nairobi kuitafuta.

Leo twajua kwamba Kemron haikuwa tiba. Lakini katika mazungumzo haya hatukusudii kumcheka jirani. Twakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana, kwa kuwa humo ndimo lilimo somo kuhusu mambo matatu ambayo wasomi wa dunia wanajadiliana sana hivi sasa: nani hulipia utafiti wa sayansi, nani huuchapisha, na nani huupima kama ni wa kweli.

Taarifa ya kwanza ya Kemron ilitegemea wagonjwa 40. Watu hao walipewa dawa, kisha wakaangaliwa. Wengi wakasema wamepata nafuu, na baadhi yao ikadaiwa kwamba damu yao haikuonyesha tena dalili ya virusi. Taarifa hizo zilichapishwa katika majarida ya kitaalamu mwaka huohuo wa 1990. Kwa hiyo mtu aliyeuliza, "Je, jambo hili limeandikwa na wataalamu?" alijibiwa kwamba limeandikwa. Kilichokosekana ni kundi la kulinganishia. Mgonjwa anayepewa matumaini, chakula na uangalizi mwema aweza kupata nafuu kwa muda hata kama kidonge alichopewa hakina kitu ndani yake. Bila ya kundi la pili lisilopewa dawa hiyo, hakuna njia ya kujua nafuu imetoka wapi.

Ndugu askari polisi anayenisikiliza alielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza. Maelezo ya shahidi mmoja yaweza kuwa ya kweli, lakini hayafungi kesi. Mpelelezi huwahoji wengine, hukagua mahali pa tukio, na hujiuliza kama shahidi huyo ana faida yoyote katika maneno yake. Vivyo hivyo kamanda wa kikosi hapeleki askari wake mbele kwa sababu tu doria moja imeleta habari njema. Kuchapishwa kwa utafiti ni sawa na kuandikishwa kwa maelezo ya shahidi. Ni mwanzo wa kesi, wala si hukumu.

Hukumu ya Kemron ilitolewa na watu wengine. Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, nayo hayakuona faida. Nchini Uganda, wataalamu wa Makerere waliwachukua wagonjwa zaidi ya 500, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa yenyewe, na la pili lilipewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepewa nini hadi hesabu zilipofungwa. Matokeo yalionyesha kwamba makundi hayo hayakupitana: waliopewa dawa walizidi kuugua na kufa sawasawa na wale wasiopewa. Taarifa kamili ya Uganda ilichapishwa mwaka 1998, yaani miaka minane baada ya shangwe za Nairobi. Katika miaka hiyo minane, wagonjwa maskini waliuza mali zao ili wanunue matumaini.

Wahenga walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Aliyevumbua dawa, hata awe mwaminifu namna gani, hawezi kuwa hakimu wa dawa yake. Na serikali iliyokwisha kuitangaza kwa fahari yake haiwezi tena kuwa hakimu, kwa kuwa heshima yake imekwisha kuwekwa rehani.

Ni haki kusema pia kwamba Kenya ilijifunza. Taasisi ileile ya KEMRI ilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, iitwayo RTS,S, yaliyofanywa katika nchi 7 za Afrika kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Vituo vya Tanzania vya Korogwe na Bagamoyo vilikuwamo. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na makundi ya kulinganishia yaliwekwa tangu mwanzo. Hesabu ilipofungwa, haikutangazwa kwamba malaria imekwisha. Ilisemwa wazi kuwa kwa watoto waliopata dozi zote nne, chanjo ilipunguza maradhi kwa kiasi cha asilimia 36 tu. Nambari hiyo ni ndogo, lakini ilisimama kila ilipopimwa. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa katika baadhi ya maeneo ya Kenya, Ghana na Malawi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Nusu ya ushindi iliyo ya kweli imeokoa watoto. Ushindi mzima wa Kemron haukumwokoa mtu.

Sasa natugeukie suala la fedha. Majaribio kama hayo ya chanjo hugharimu fedha nyingi sana, na sehemu kubwa ilitoka nje ya Afrika, kwa kampuni ya dawa yenyewe na kwa wafadhili wa Marekani. Hapo ndipo panapozuka mjadala mkali. Mwenye fedha ndiye aghalabu anayechagua swali. Akitaka kujua jambo linalofaa soko lake, ndilo litakalochunguzwa, na maswali yetu yatasubiri.

Lakini jirani zetu wa Uganda wametuonyesha kwamba hata fedha za mgeni zaweza kutumikia swali la mwenyeji, ikiwa mwenyeji anajua anachokitaka. Ukimwi uliligusa jeshi la Uganda mapema. Rais Museveni mwenyewe amesimulia kwamba mwaka 1986 askari 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, na walipopimwa huko, 18 walikutwa na virusi. Habari hizo alipewa na Rais Fidel Castro, walipokutana Harare katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Basi Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Tiba kilipoanzishwa mjini Kampala, kilikuwa na wazazi watatu: Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Makerere, na Wizara ya Ulinzi.

Kituo hicho na vingine vya Uganda na Zimbabwe vilishiriki katika utafiti ulioitwa DART, ulioanza mwaka 2003 kwa msaada wa Uingereza na wafadhili wengine. Swali lake lilikuwa ni la nchi maskini kabisa: je, mgonjwa aweza kutumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI pasipo kupimwa damu kila mara katika maabara ghali? Wagonjwa 3,316 walifuatwa. Baada ya miaka mitano, kati ya waliosimamiwa kwa vipimo vya mara kwa mara, asilimia 90 walikuwa hai. Kati ya waliosimamiwa kwa kuangaliwa hali zao na wahudumu waliofunzwa, walikuwa hai asilimia 87. Ndiyo kusema ukosefu wa maabara haukuwa sababu ya kumnyima dawa mwananchi wa kijijini, au askari wa kambi ya mpakani. Swali hilo lisingeulizwa Ulaya, kwa kuwa Ulaya maabara ziko kila mji.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nchi yake kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe. Miongoni mwa kazi zilizokwama ni mpango wa chanjo ya UKIMWI uitwao BRILLIANT, uliokuwa ukiongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe katika nchi 8, zikiwamo Kenya na Uganda. Fedha zake, dola zaidi ya milioni 45, zilikuwa zimeahidiwa mwaka 2023, na majaribio ya kwanza yalikuwa karibu kuanza. Wataalamu walikuwapo, maabara zilikuwapo; saini moja iliyowekwa Washington ikasimamisha kazi. Hakuna kamanda ambaye angekubali akiba yake ya risasi itunzwe katika ghala la nchi nyingine, kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mwingine.

Tusijidanganye kwamba hali hiyo ni mpya. Kwa hesabu za mwaka 2010, karibu nusu ya fedha za utafiti nchini Kenya, na zaidi ya nusu nchini Uganda, zilitoka nje. Hata hapa kwetu Tanzania zilikuwa zaidi ya thuluthi moja. Viongozi wa Afrika walikubaliana tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa sayansi. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2013 inataka Hazina iupe Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Sheria hiyo ni njema, lakini fedha zilizotolewa hazijafikia kipimo hicho.

Liko pia suala la kuchapisha. Zamani msomaji ndiye aliyelipia jarida. Siku hizi majarida mengi humtoza mwandishi ili kila mtu asome bure, na yale yenye sifa kubwa kabisa hudai hata dola 10,000 kwa makala moja. Wenye majarida huwapunguzia au huwasamehe wataalamu wa nchi maskini, lakini si wote wala si kila mara. Wakati huohuo vyuo vikuu vinampandisha cheo mwalimu kwa kuhesabu makala zake; nchini Kenya vigezo vya mwaka 2014 vilimpa pointi kwa makala alizochapisha. Matokeo yake ni kuzuka kwa majarida ya kitapeli, yanayopokea ada na kuchapisha chochote bila ya kukisoma. Ni sawa na kumpandisha cheo askari polisi kwa idadi ya watu aliowakamata, pasipo kuuliza ni wangapi walipatikana na hatia. Atakamata wengi, na wezi watabaki mitaani.

Tuelekee wapi basi? Nchi zetu zilipata kuwa na jibu moja. Kabla ya Jumuiya ya zamani kuvunjika mwaka 1977, virusi vilichunguzwa Entebbe kwa niaba yetu sote, samaki wa maziwa Jinja, kilimo na mifugo Muguga, na malaria Amani. Leo Jumuiya mpya inayo Tume ya Sayansi na Teknolojia mjini Kigali, na Tume ya Utafiti wa Afya mjini Bujumbura inayochapisha jarida lake. Vyombo vipo. Vinachohitaji ni fedha zetu wenyewe na uhuru wa kusema "hapana".

Na uhuru huo ndio mgumu kuliko fedha. Kemron ilipimwa na jirani, Uganda, ambaye hakuwa na fahari ya kulinda wala bidhaa ya kuuza, na ndiyo maana neno lake likaaminika. Taifa linalotaka kujitegemea katika sayansi halina budi kulipia maswali yake, kisha likubali majibu yapimwe na mtu asiyelipwa kwa kulipendeza. Siku dawa nyingine itakapotangazwa kwa shangwe, ndugu askari, hapa kwetu au ng'ambo ya mpaka, uliza kwanza: ilijaribiwa kwa watu wangapi, ililinganishwa na nini, na nani mwingine ameipima?