HESABU YA WASIKILIZAJI ISIWE FIMBO YA MWAJIRI



Hapa Uganda redio ilikuwa mali ya serikali mpaka mwaka 1993, Radio Sanyu na Capital Radio zilipoanza kusikika Kampala. Tangu hapo stesheni za watu binafsi zimeenea hata wilayani, na nyingi huishi kwa matangazo ya biashara. Msikilizaji halipi kitu. Anayelipa ni mwenye sabuni, mwenye bia, mwenye simu. Huyo ananunua masikio, na kwa hiyo lazima masikio yahesabiwe.

Kampuni ya uchunguzi huchagua watu wachache, ikawauliza jana walisikiliza stesheni gani na saa ngapi. Majibu yao huchukuliwa kuwa ya wilaya nzima. Huu si uwongo. Daktari naye hachoti damu yote ili apime malaria. Taabu iko katika uchache wa watu.

Tuseme wilayani mwenu wameulizwa watu 100, na 20 wakataja kipindi chako cha asubuhi. Meneja anasoma asilimia 20. Lakini kwa kanuni za takwimu, ukweli waweza kuwa popote kati ya 12 na 28. Safari ijayo ikitoka 16, hakuna aliyethibitisha kwamba hata msikilizaji mmoja amehama! Wakiulizwa watu 400 wasiwasi huo hupungua nusu tu, na gharama imepanda. Tena uchunguzi wa nchi nzima ukigawanywa kwa wilaya, kila wilaya hubaki na watu kidogo sana.

Nimekaa katika kikao ambako mwenzetu aliachishwa kazi kwa kushuka pointi 3. Niliuliza waliulizwa watu wangapi. Meneja akapekua karatasi zake mbele yetu, hakuona, kisha akasema hiyo ni siri ya biashara. Siri gani, hata mwenyewe haijui?

Jambo la pili, wingi wa wasikilizaji si lazima ulete wingi wa fedha. Kipindi cha wakulima chaweza kusikilizwa na kijiji kizima, na bado mwenye tangazo akataka kipindi cha muziki cha mjini, kwa kuwa anatazama mfuko wa msikilizaji. Mara nyingine matangazo yamesomwa yote, ila wateja hawajalipa madeni. Hapo mtangazaji ana kosa gani?

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza na mwajiri habari za mishahara au kupunguza watu, matawi yadai kuonyeshwa mambo haya: waliulizwa watu wangapi wilayani mwetu, kwa lugha gani, kwa simu au kwa kutembelewa nyumbani. Halafu kiombwe kitabu cha matangazo, kilinganishwe na fedha zilizopokelewa. Mafundi mitambo wetu wanajua tangazo gani lilikwenda hewani na saa ngapi, basi waitwe kikaoni nao.