Kukaa Foleni Si Kupimwa

Aliyeitazama filamu ya Toy Story hamsahau Sid, yule mtoto wa jirani anayeing'oa midoli vichwa. Watu wa Debian, mfumo huria wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, huyaita matoleo yao kwa majina ya wahusika wa filamu hiyo. Jina la Sid wakalipa tawi ambalo halitolewi rasmi hata siku moja, kule programu mpya zinakofikia kwanza. Ukilitumia na kompyuta ikagoma kuwaka, usiseme hukuambiwa.

Kutoka Sid, kifurushi cha programu hungoja siku 2 hadi 10, kutegemea udharura wake. Kisiporipotiwa kasoro kubwa mpya, huvuka kwenda tawi la majaribio. Baadaye tawi hilo hufungwa, vipya vikazuiwa, kasoro zikashughulikiwa moja moja hadi toleo imara litoke. Litatoka lini? Likiiva.

Jibu hilo liliwagharimu. Woody ilitoka Julai 2002, na Sarge iliyofuata ikaja Juni 2005. Hapo katikati, Oktoba 2004, ilizaliwa Ubuntu, iliyojengwa juu ya jasho la Debian yenyewe na kuahidi toleo kila miezi sita. (Mwaka 2006 toleo la Aprili lilitoka Juni. Kumbe nao hungoja.) Tangu hapo wengine husema haraka haraka haina baraka, wengine ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila upande huondoka na methali yake.

Kwa maoni yangu wanagombea kalenda bure. Swali ni nani anatazama nini katika siku hizo za kungoja.

Mwaka 2006, kifurushi cha OpenSSL, kinachotengeneza funguo za siri, kilirekebishwa ndani ya Debian ili kunyamazisha onyo la chombo cha ukaguzi. Msimbo ulioondolewa ndio uliokuwa ukichanganya namba za bahati nasibu. Kilichobaki kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa ni namba ya mchakato tu, yaani uwezekano 32,768 kwa kila aina ya ufunguo, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi. Kifurushi kikapita Sid, kikapita majaribio, kikaingia toleo imara la Etch Aprili 2007. Kasoro ikagundulika Mei 2008. Foleni ilifuatwa kikamilifu. Ila hakuna kilichogoma, hivyo hakuna aliyelalamika, na kimya kikahesabiwa kuwa ni afya.

Linganisha na Februari 2024. Toleo 5.6.0 la xz, programu ya kubana mafaili, lilitoka likiwa na mlango wa siri wa kupenya SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, uliopachikwa na mtu aliyekuwa amejipatia imani ya mradi kwa miaka zaidi ya miwili. Sumu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo mkaguzi hutarajia kukuta takataka. Ikaingia Sid, ikavuka. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye Sid alipoona kuingia kwa SSH kunakula nguvu nyingi mno ya kompyuta na kuchelewa: sekunde 0.8 badala ya 0.3. Nusu sekunde. Wengi wetu tungeulaumu mtandao. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi akatangaza alichokikuta.

Wapenda kungoja husema, mnaona, toleo imara halikuguswa. Ni kweli. Lakini kama Freund naye angejikalia kwenye toleo imara, xz ingetimiza siku zake na kusonga mbele kwa baraka zote, kama OpenSSL ilivyofanya.

Siku hizi mashine nazo hupima, na kifurushi kinachofaulu hupunguziwa siku za kungoja. Sina ugomvi na hilo, mradi tukumbuke kwamba mashine hupima kile tu ambacho mtu alifikiria kukipima. Hakuna aliyekuwa ameandika jaribio la kuuliza mbona SSH imekuwa nzito leo.

Basi, wewe mwenye kompyuta ya pili iliyolala kabatini, iwekee Sid au tawi la majaribio, uifanyie kazi zako za kila siku, na kitakachokushangaza ukiripoti, hata kiwe cha nusu sekunde. Hesabu za ofisi tu usiziweke humo.