Alama za Majaribio ya Kemia Hutolewaje?

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mwaka 2014 wananchi wa kata nyingi nchini walikuwa katika pilikapilika za kutekeleza agizo la Serikali ya Awamu ya Nne la kujenga maabara tatu, yaani za Fizikia, Kemia na Baiolojia, katika kila shule ya sekondari ya kata. Wapo waliotoa fedha, na wapo waliosomba mawe, mchanga na maji. Jengo, hata hivyo, halimfaulishi mtoto. Ni vema basi kila mkazi aelewe kinachopimwa ndani ya chumba hicho na namna alama zinavyopatikana, ili aweze kufuatilia kazi inayofanyika humo kwa uelewa.

Suala hili si dogo. Mtihani wa Kemia wa Kidato cha Nne, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, una karatasi mbili kwa mtahiniwa wa shule: ya kwanza ni ya nadharia, ya pili ni ya vitendo. Aidha, kijana anayetaka kusomea uuguzi au uganga ngazi ya stashahada hana budi awe amefaulu Kemia. Wauguzi na matabibu watakaohudumu katika zahanati zetu kesho wanaanza safari yao katika maabara hizi.

Kinachopimwa

Wazazi wengi hudhani kwamba katika jaribio mwanafunzi hupewa alama kwa kupata jibu sahihi la mwisho. Ukweli ni kwamba jibu la mwisho ni sehemu ndogo tu. Alama hugawanywa katika hatua: kupima, kuandika kilichopimwa, kukokotoa, na kueleza maana yake.

Tuchukue mfano wa upimaji wa asidi na besi. Mwanafunzi hupima kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi, huzitia katika chupa yenye umbo la pia, na kuongeza matone machache ya kiashiria kiitwacho methili oranji. Kimiminika huwa cha manjano. Kisha hufungulia asidi kutoka kwenye bureti kidogo kidogo, tone kwa tone anapokaribia mwisho, mpaka rangi igeuke. Husoma bureti kabla na baada, kisha hutoa ili kupata ujazo wa asidi uliotumika. Kazi hiyo huirudia mara kadhaa.

Tuseme jaribio la awali limempa 25.20, na marudio matatu yakampa 24.50, 24.40 na 24.50. Mwanafunzi aliyefundwa vizuri huliacha lile la awali, kwa kuwa ni la kukadiria, kisha hutafuta wastani wa matatu yanayokaribiana, ambao ni 24.47. Ikiwa asidi haidrokloriki aliyotumia ina ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, hesabu itamwonesha kwamba besi ina ukolezi wa takriban moli 0.098 kwa lita. Asiyejua kwa nini 25.20 imeachwa ataijumuisha, na wastani wake utapotoka hata kama mikono yake ilifanya kazi kwa ustadi.

Kuona si sawa na kuamua

Aina nyingine ya jaribio ni utambuzi wa chumvi isiyojulikana. Hapa mwanafunzi hujaza jedwali lenye safu tatu: alichofanya, alichoona, na alichoamua. Alama nyingi hupotea kwa kuchanganya safu ya pili na ya tatu.

Kwa mfano, mwanafunzi akitia asidi kwenye chumvi na mapovu yakatoka, hapaswi kuandika katika safu ya pili kwamba ameona kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, na hakuna aliyepata kuiona kwa macho. Alichoona ni mapovu ya gesi isiyo na rangi, iliyogeuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Kwamba gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, na kwamba huenda chumvi ile ni kabonati, ni uamuzi, na mahali pake ni safu ya tatu. Mtoto anayezoea kutenganisha hayo mawili amejifunza jambo litakalomfaa hata nje ya Kemia.

Msahihishaji haoni mkono

Katika mtihani wa taifa, anayesahihisha hakuwapo maabara. Hakuona kama mtahiniwa aliondoa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma, wala kama aliinamisha jicho mpaka likalingana na kimiminika. Anachokiona ni karatasi tu. Kwa hiyo ustadi wa mikono hauna budi kupimwa shuleni, na mwalimu wa somo, katika kipindi chote cha masomo. Yeye ndiye anayeweza kusimama kando ya mwanafunzi, kumwona akikosea, na kumsahihisha papo hapo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwanafunzi aliyeshika bureti kwa mara ya kwanza majuma machache kabla ya mtihani hawezi kufidia pengo hilo kwa kukariri. Vivyo hivyo, majaribio yanayofanywa na mwalimu peke yake huku darasa zima likitazama yana faida yake, lakini hayampi mwanafunzi mkono wa kazi.

Lipo pia suala la lugha. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na majibu huandikwa kwa lugha hiyo. Mwanafunzi anaweza kuona mashapo ya buluu mbele ya macho yake, akakosa neno la kuyaandika. Dawa yake ni kuandika ripoti mara kwa mara, na mwalimu kuzisahihisha na kuzirejesha.

Wajibu wa mkazi

Mzazi hahitaji kuijua Kemia ili kufuatilia. Mwambie mwanao akuletee daftari la majaribio. Tazama tarehe: je, zinafuatana, au kuna miezi mitupu? Tazama kalamu ya mwalimu: je, imepita, na imeacha maelekezo? Kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili alifanya nini, aliona nini, na kwa nini aliamua alivyoamua. Akishindwa kueleza lile la tatu, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mwalimu wake.

Katika kikao cha wazazi, yaulizwe mambo matatu. Wanafunzi wangapi hutumia bureti moja? Maji ya maabara hutoka wapi wakati wa kiangazi? Kemikali zilizokwisha muda na mabaki ya majaribio huhifadhiwa na kuondolewa vipi? Maswali haya huwasilishwa kwa Mkuu wa Shule na Bodi ya Shule. Yasipopata majibu, Afisa Elimu Kata yupo, na juu yake ni Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri.

Ikumbukwe pia kuwa chini ya utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016, mchango wowote wa wananchi kwa ajili ya vifaa ni wa hiari, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia. Lakini palipo na nia, mabomba ya kuvuna maji ya mvua na tangi moja kando ya maabara vinaweza kumpa mtoto saa nyingi zaidi za mazoezi.

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tuliosomba mchanga wa kujenga maabara hizo tusiishie mlangoni. Daftari la majaribio lifunguliwe nyumbani angalau mara moja kila mwezi.