Matembezi ya Likizo: Mtoto Mwenye Ulemavu Asiachwe Nyumbani

Likizo ya shule inapofika, maskauti, Girl Guides na vikundi vya vijana vya mitaani katika kisiwa cha Mombasa hutoka nje. Kuna wanaozuru Fort Jesus, wanaosafisha ufuo na wanaopiga kambi. Lakini mtoto kiziwi, mwenye usonji au anayetumia kiti cha magurudumu mara nyingi hubaki nyumbani. Hakuna aliyemkataa, hakuna aliyemuuliza.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kutumia lugha ya ishara au nukta nundu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unataka watoto hawa washiriki michezo na burudani sawa na wenzao.

Kiongozi aanzie wapi?

Azungumze na mzazi na mtoto mwenyewe wiki moja au mbili kabla. Maswali matatu yanatosha: Mtoto anapenda nini? Ni nini humsumbua? Akilemewa, asaidiwe vipi?

Kisha aikague njia. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, vina mabaraza, pikipiki na mikokoteni. Fort Jesus ina ngazi na sakafu za mawe. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, barabara pana za bustani ya Mama Ngina ni rahisi zaidi. Kikundi kizima kiende huko, asitengwe yeye peke yake.

Marekebisho madogo

Kwa kiziwi, zungumza ukimtazama usoni, tumia picha, na kikundi kijifunze ishara chache za Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa asiyeona, mwenzake ampe mkono amshike, na aachwe apapase nakshi za milango ya Mji wa Kale. Kwa mwenye usonji, mweleze ratiba mapema na utafute mahali tulivu pa kupumzika, mbali na honi na umati.

Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima wa kumwangalia kwa karibu. Akishikwa, mlaze ubavu na usimtie chochote mdomoni. Ikizidi dakika 5, mkimbize hospitalini.

Kila mtoto apewe kazi halisi: kuhesabu wenzake, kubeba bendera, kugawa maji. Anayewekwa kando kutazama tu hajashirikishwa.

Mzazi naye?

Usimfiche mwanao kwa kuogopa maneno ya watu. Mweleze kiongozi ukweli kuhusu dawa na mazoea yake, na uulize ni nani atakayekuwa naye. Ikiwa hajasajiliwa, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili baada ya mtoto kupimwa katika hospitali ya serikali.

Ukiona mtoto amefungiwa nyumbani au anadhulumiwa, piga simu ya bure 116 au ufike katika afisi ya watoto ya kaunti ndogo ya Mvita.

Kiongozi, kabla ya kufunga orodha ya safari ijayo, uliza mtaani kwako: nani hajaalikwa?